Viatu vya Bwana Shamba

Jumapili iliyopita, baada ya chai ya asubuhi, mama alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa amevaa blauzi yake ya kitenge, akaanza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia hauwezi tena kazi hiyo. Vifungo ni sita, na kile cha kwanza peke yake kilichukua muda ambao mimi niliutumia kukunja shuka mbili na foronya zake. Binti yangu, ambaye ana miaka 10 na haamini kuwa lipo jambo humu ndani lisilohitaji mkono wake, alipiga magoti mbele ya bibi yake na kukishika kifungo cha pili. Mama akampiga kikofi mkononi, cha kufukuza nzi tu, kisha akaendelea na kazi yake. Mtoto alinifuata jikoni akiwa ameumia kuliko kikofi chenyewe kilivyostahili, akaniuliza, "Mama, kwani kusaidia ni kosa?"

Nilimtuma akaangalie maharage kama yameiva. Swali hilo niliwahi kuwa na jibu lake, tena la kukariri, na nilikuwa nalitoa bila kuombwa, wakati yeye mwenyewe akiwa bado tumboni.

Ilikuwa Novemba 2014, Mtwara mjini, katika kituo cha watoto wadogo maeneo ya Shangani ambacho jina lake nitaliacha. Asubuhi kituo kilikuwa na walimu waliosomea Montessori, ule mfumo wa kumwacha mtoto ajifunze kwa kufanya mwenyewe, na mchana, kuanzia saa saba, kilikuwa na mimi pamoja na dada mmoja wa jikoni. Kazi yangu ilikuwa kubaki na watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu mpaka mzazi wa mwisho afike. Msimu wa korosho mzazi wa mwisho hufika na giza, kwa sababu nusu ya mji huwa ghalani, mizanini, bandarini au benki, na mnada haujali kwamba kuna mtu ameacha mtoto mahali. Mshahara ulikuwa mdogo, nao hauna hadithi.

Kabla ya kuanza nilikalishwa wiki tatu nyuma ya darasa kwenye kigoda, nikiwa nimekatazwa kusema neno, nitazame tu. Mkufunzi wetu alitusimulia habari za Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Mtaa huo ulikuwa wa vibarua, na watoto wao walikuwa wakishinda peke yao kutwa nzima wazazi wakiwa kazini. Mengi katika mafunzo yale yaliingia sikio hili yakatokea lile, lakini hilo lilibaki, kwa kuwa niliona kumbe mwanzo wa mambo yote haya ni watoto wa mchana kama wangu, wala si watoto wa matajiri kama watu wa pale mtaani walivyodhani.

Vifaa vyenyewe vya kifahari sikuvigusa sana. Ule mnara wa waridi, wenye vipande 10 vya mbao kuanzia sentimita 1 hadi 10, ulikuwa wa asubuhi na wa walimu. Mchana wangu ulikuwa wa kuamka usingizini, poti, uji, kumimina maji kutoka jagi dogo kwenda kikombe cha kioo, kufuta meza kwa sponji, kukunja kitambaa na kuvaa viatu. Hayo yote kule huitwa kazi, na kila kazi ina mahali pake kwenye rafu fupi, na mtoto akimaliza huirudisha pale alipoitoa. (Kikombe ni cha kioo kweli, na huvunjika kweli. Baba mmoja alipouliza kwa nini tusinunue vya plastiki, nilimjibu kwa maelezo marefu mpaka akaangalia saa.) Juu ya yote palikuwa na sheria moja ambayo mkufunzi aliirudia hadi tukaiota: usimfanyie mtoto jambo ambalo yeye mwenyewe anaona analiweza. Alituambia kwamba mikono yetu ikitutuma, tuikalie. Mimi niliichukua kauli hiyo kama ilivyosemwa, kwa hiyo nilikuwa naketi sakafuni na kuweka viganja chini ya mapaja.

Miongoni mwa watoto wangu alikuwamo mmoja wa miaka miwili na miezi minne ambaye tulimwita Bwana Shamba. Jina alilipata kwa sababu ya mikrotoni miwili iliyokuwa kwenye vyungu karibu na mlango. Kila alipoamka alichukua sponji lake, akalichovya, akalikamua kwa mikono miwili, kisha akafuta jani moja baada ya jingine, juu na chini, kwa uso wa ofisa aliyekuja kukagua wadudu. Hakuna aliyeruhusiwa kumsogelea. Mama yake alikuwa safarini, na aliyekuja kumchukua jioni alikuwa bibi yake mzaa mama, mwanamke mrefu wa Kimakonde aliyefanya kazi ya kubangua korosho. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, ule weusi usiotoka kwa sabuni, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi hata kama mtu amejipaka majivu kabla ya kuanza. Nilikuwa nikimwogopa kidogo. Hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa kusema machache, nami wakati ule nilikuwa mtu wa kusema mengi.

Siku ninayoikumbuka, joto lilikuwa limekaa juu ya mji tangu asubuhi, na kufikia saa kumi na moja jioni anga upande wa bahari lilikuwa limegeuka rangi ya chini ya sufuria. Upepo ukaingia na harufu ya vumbi lililoanza kulowa mahali fulani mbali. Watoto walikuwa wamebaki wawili, mmoja amelala mkekani na mwingine ni Bwana Shamba, aliyekuwa ameketi kwenye benchi fupi la mlangoni akivaa viatu.

Viatu vyenyewe vilikuwa sendozi za buluu zenye mikanda miwili ya kubandika, zilizonunuliwa kubwa ili azikulie. Aliingiza mguu wa kulia katika kiatu cha kushoto. Akavuta mkanda wa mbele, ukajibandika wenyewe kwa wenyewe. Akaubandua, nao ukatoa ile sauti ya kuchanika ambayo nadhani aliipenda, kwa sababu aliubandika tena mahali palepale ili aubandue tena. Ncha ya ulimi ilikuwa nje, na juu ya pua palikuwa na matone matatu ya jasho, nikiyahesabu. Mkanda wa pili ulikuwa umekunjika chini ya kisigino, naye alikuwa akiutafuta juu ya kiatu, kwa kupapasa, huku anatazama kwingine, kama mtu mzima anavyotafuta ufunguo mfukoni. Nilikuwa nimeketi kwenye saruji hatua mbili kutoka kwake, nimeegemea rafu, na mikono yangu ilikuwa chini ya mapaja ikifa ganzi. Nilijua mkanda uko wapi. Sidhani kama nimewahi kujua jambo kwa nguvu kiasi kile.

Bajaji ikasimama nje, na bibi akaingia akiwa amejifunika kanga kichwani kwa ajili ya upepo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Alimtazama mjukuu wake, ambaye hakuinua kichwa. Kisha akanitazama mimi, kuanzia usoni hadi pale nilipoketi, akakaa kimya kwa muda, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, mbona umekaa?"

Katika maneno hayo matatu ya mwisho nilisikia kila kitu ambacho nilikuwa naogopa kuambiwa tangu nianze kazi ile. Nilisikia kwamba mtoto wa watu anahangaika na wewe umekaa, kwamba mnalipwa pesa za watu waliovuja jasho ili mkae, kwamba msichana aliyelelewa vizuri haoni mtoto anateseka akakaa, na kwamba huko kwetu Nyangao hatukufundishwa kazi. Nikaanza kumweleza. Nilimwambia kuwa hapa tunamwacha mtoto ajifunze mwenyewe, kuwa akikosea kiatu kitamwambia kwa kumbana, kuwa tukimfanyia tunamnyang'anya nafasi ya kukua. Nilisikia sauti ya mkufunzi ikitoka kinywani mwangu, na lafudhi yake pia. Bibi hakujibu. Nje dereva alipiga honi mara mbili, na matone ya kwanza, yale makubwa yanayohesabika, yakaanza kugonga bati.

Nikainuka kwa magoti, nikaushika mguu wa mtoto, nikabadilisha viatu, nikauchomoa ule mkanda chini ya kisigino na kuubandika. Sekunde kumi hazikufika.

Bwana Shamba hakulia papo hapo. Aliutazama mkono wangu, akakitazama kiatu kama kiatu cha mtu mwingine kilichosahauliwa mguuni pake. Kisha akavivua vyote viwili. Akashuka kwenye benchi, akavipanga chini yake, kimoja kando ya kingine, ncha zikitazama ukuta, kama tulivyomfundisha. Alipohakikisha vimekaa sawa, akalala kifudifudi sakafuni na kuweka shavu kwenye saruji, na hapo ndipo alipolia.

"Sasa umefanya nini?" bibi aliniuliza.

"Nimemsaidia, bibi. Si umeniuliza mbona nimekaa?"

"Nimekuuliza mbona umekaa kwenye saruji na hali yako hiyo," alisema. "Viatu ni vyake."

Hali yangu ilikuwa na miezi mitano, na pale kazini nilikuwa sijamwambia mtu. Nilivaa magauni mapana na kuamini kwamba yanatosha. Nilibaki nimepiga magoti, sina la kusema kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, wakati bibi akiinama, akimwinua mjukuu wake aliyejinyoosha kama ubao, akimweka mgongoni na kumfunga kwa kanga mafundo mawili. Viatu alivichukua chini ya benchi, akavining'iniza kwa kidole kimoja cheusi. Mvua ilikuwa imeanza kwa kweli. Alisema neno kwa Kimakonde, sijui kwangu au kwa mtoto, akatoka naye hadi kwenye bajaji bila kukimbia.

Kesho yake nilimsimulia mwalimu wa asubuhi, bila ile sehemu ya hali yangu. Alinisikiliza vizuri, akasema kosa lilikuwa la saa, kwamba ningeanza shughuli ya viatu nusu saa mapema mtoto angemaliza bila haraka. Lilikuwa jibu sahihi, na lilikuwa jibu la mtu anayeondoka saa saba mchana. Bwana Shamba kwa siku tatu alivaa viatu vyake akiwa amenipa mgongo. Siku ya nne alinigeukia, miguu imebadilishana vizuri kabisa, kushoto kulia na kulia kushoto, akaenda kufuta majani yake. Sikugusa kitu. Januari niliacha kazi, na Machi akazaliwa huyu wa maharage.

Miaka yote hii nimekuwa nikimgeuza bibi yule kichwani. Kuna siku huamini kwamba aliniona tu, basi, kama wanawake wa umri wake wanavyoona, na swali lake lilikuwa la huruma nami nikalisikia kwa masikio ya mwenye hatia. Kuna siku nyingine hudhani kwamba alikuwa amenisema kweli, kama nilivyosikia mwanzo, na alipoona nilichomfanyia mjukuu wake akabadilisha maneno yake papo hapo ili nisiaibike peke yangu. Wa kumuuliza sina. Ninachojua ni kwamba siku ile mikono yangu haikutoka chini ya mapaja kwa ajili ya mtoto. Ilitoka kwa ajili ya mtu aliyesimama mlangoni.

Maharage yalikuwa bado. Binti yangu aliporudi kuniambia hivyo, mama naye alitokea kwenye korido akijishika ukutani, akiwa anaelekea barazani kupokea wageni wa Jumapili. Vifungo vitano kati ya sita vilikuwa vimefungwa, na kila kimoja kilikuwa katika tundu la jirani yake, hivyo upande mmoja wa blauzi ulikuwa umepanda karibu na shingo na mwingine ukining'inia. Alisimama mbele yangu, akaunyoosha mgongo.

"Imekaa sawa?"

Nilimjibu kwamba imekaa. Binti yangu alinitazama, na mama akatoka nje.