Mimi ni Yona, na Yona ni njiwa

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, ukijitambulisha kwa jina la Yona wavuvi wanakutazama mara mbili. Mzee mmoja mwenye mtumbwi aliwahi kuniambia, "Mwanangu, wewe hupandi chombo changu." Kwao jina hili, la nabii aliyetupwa baharini, ni dhoruba. Nimelibeba miaka 34, na siku ile iliniuma.

Kwa Kiebrania, yona ni njiwa. Ni neno lile lile la njiwa ambaye Nuhu alimtoa safinani, akarudi jioni na jani bichi la mzeituni mdomoni. Baba wa nabii Yona aliitwa Amitai, jina linalotokana na neno emeti, yaani kweli. Basi Yona bin Amitai, ukilisikiliza polepole, ni njiwa mwana wa kweli. Wafalme wa Pili 14:25 inasema alitoka Gath-heferi. Waislamu wanamwita Yunus. Na aliyemmeza, kwa Kiebrania, ni "samaki mkubwa" tu, nyangumi hatajwi.

Jina alinipa bibi. Nilizaliwa asubuhi babu aliporudi kutoka Ukerewe baada ya usiku mzima wa mawimbi, bibi akasema mtoto ataitwa Yona, kwa kuwa nabii yule naye alirudishwa nchi kavu akiwa hai.

Jumapili iliyopita nilimweleza bibi habari za njiwa. Alikuwa anapaa sato. Akaweka kisu chini, akanyamaza kidogo.

"Kumbe ulikuja na jani, mjukuu wangu."