Tezi za Shangazi Zilikuwa Zimelala

Shangazi yangu alikuwa ametumia vidonge vya prednisoloni kwa zaidi ya mwaka mmoja kwa ajili ya baridi yabisi, mpaka jirani alipomwambia kwamba dawa hiyo hula mifupa, naye akaiacha siku hiyo hiyo. Siku ya nne hakuweza kuinuka kitandani; alikuwa akitapika, shinikizo la damu limeshuka, na sote nyumbani tulidhani ni malaria. Daktari aliyempokea aliuliza kwanza ni dawa gani mgonjwa ameacha kuimeza, akamchoma haidrokotisoni kwenye mshipa, na kufikia kesho yake asubuhi shangazi alikuwa ameketi akiomba uji.

Jirani hakusema uongo. Kotikosteroidi (au steroidi), yaani dawa za jamii ya prednisoloni, zikitumiwa kwa muda mrefu hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari ya damu, huvimbisha uso na kupunguza nguvu za kinga ya mwili. Lakini lililokaribia kumuua shangazi ni jambo jingine, ambalo naona halisemwi vya kutosha dawa hizi zinapotolewa.

Juu ya kila figo pana tezi ndogo iitwayo adrenali, ambayo hutengeneza homoni ya kotisoli, nyingi zaidi nyakati za alfajiri. Tezi hiyo haijiamulii: ubongo huiagiza tezi ya pituitari, nayo pituitari huiagiza adrenali, na kotisoli ikishatosha katika damu, maagizo hayo hupungua. Prednisoloni hufanya kazi ileile ya kotisoli, miligramu 5 zake zikilingana na takriban miligramu 20 za haidrokotisoni, yaani kotisoli iliyotengenezwa kuwa dawa, kwa hiyo anayemeza vidonge kila siku kwa wiki kadhaa huufanya ubongo uone kwamba homoni imejaa na hakuna haja ya kuagiza nyingine. Adrenali isiyoagizwa kazi husinyaa. Dawa ikikatishwa ghafla, mwili hubaki bila kotisoli ya kidonge na bila yake wenyewe, na ugonjwa mdogo au upasuaji unaweza kuua.

Hayo yalijulikana mapema kuliko nilivyodhani. Mnamo Septemba 1948, katika Mayo Clinic huko Rochester, Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, steroidi ya jamii hiyo hiyo, mgonjwa wa baridi yabisi kwa mara ya kwanza, mwanamke aliyekuwa hajiwezi, na baada ya siku chache alikuwa akitembea. Mwaka 1950 Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein walipewa Tuzo ya Nobel. Miaka miwili tu baadaye, madaktari wa Marekani waliandika habari za mgonjwa mwenye umri wa miaka 34, mtumiaji wa kotisoni, aliyefariki dunia baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Maiti yake ilipochunguzwa, adrenali zilikutwa zimesinyaa. Ninapofikiri kwamba onyo hilo lina zaidi ya miaka 70, na bado shangazi alipewa pakiti ya vidonge bila hata neno moja juu ya kuviacha, naumia.

Wala si vidonge peke yake. Krimu kali za klobetasoli, ambayo nayo ni steroidi, na ambazo wengi wetu huzijua kwa sababu huchanganywa katika mkorogo wa kung'arisha ngozi, zikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi hupenya ngozi, huingia katika damu na kuzilaza adrenali vivyo hivyo. Dada anayejipaka mkorogo hajihesabu kuwa anatumia dawa, na akilazwa hospitalini hataitaja.

Shangazi sasa anapunguziwa dozi kidogo kidogo, na huu ni mwezi wa saba. Humeza kidonge asubuhi, ili kifuate saa ambazo mwili wenyewe hutoa kotisoli, na akipata homa kali daktari humwongezea dozi kwa siku chache. Ndani ya mkoba wake mna karatasi niliyomwandikia kwa herufi kubwa, inayomweleza mhudumu yeyote atakayemkuta amezidiwa kwamba mgonjwa huyu anatumia steroidi na zisikatishwe.