Nilivyoingiza vichekesho kwenye vikao vya kazi

Nilisomea uigizaji hapahapa Bagamoyo, kwenye chuo kilichoanza mwaka 1981 kikiitwa Chuo cha Sanaa, na ambacho tangu 2007 ni TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Niliigiza kwa miaka mingi, zaidi vichekesho na maigizo ya kuelimisha vijijini. Siku hizi nafundisha mawasiliano kazini: hotelini, kwenye zahanati, kwenye ofisi za mikopo. Naeleza ninavyoifanya kazi hii kwa sababu naamini hata asiye msanii anaweza kuijaribu.

Mara nyingi naitwa "kuwafundisha vijana kuongea na wateja". Nikishinda nao kutwa, naona wateja wanahudumiwa vizuri tu. Kinachokwama ni ndani. Mhudumu wa vyumba anajua tangu asubuhi kwamba bomba linavuja, lakini hamwambii msimamizi, kwa kuwa aliyepeleka taarifa mbaya juzi ndiye aliyegombezwa. Mgeni anaingia, anakuta maji yametapakaa, na dada wa mapokezi anafokewa kwa jambo ambalo hakuwa na habari nalo. Hotuba haiondoi woga wa namna hiyo. Mtu atakuitikia "ndiyo mwalimu", kisha ataendelea kunyamaza.

Kwa hiyo natumia mbinu ya Augusto Boal, Mbrazili aliyempa mtazamaji ruhusa ya kusimamisha igizo, kuingia mwenyewe na kulibadilisha. Mimi naongeza kitu kimoja: wakubwa na wadogo wanabadilishana nafasi. Sifanyi hivyo kabla ya kumfuata mkuu wa mahali faraghani na kupata ridhaa yake. Akikataa, natafuta njia nyingine.

Kwenye hoteli moja ya ufukweni, mama mmoja wa usafi alipewa nafasi ya meneja. Akachukua funguo za watu, akabana simu kati ya bega na sikio, akaanza kutembea upesi huku ametupa mgongo: "Chumba cha juu, mashuka, halafu yule mgeni wa jana, umenielewa eeh?" Akaishia mlangoni. Meneja mwenyewe kabaki katikati ya ukumbi na ndoo mkononi, anauliza, "Chumba kipi cha juu?" Watu walicheka mpaka wakapiga meza. Naye alicheka, tena sana. Kisha akauliza, "Mama, kumbe ndivyo ninavyosema?"

"Ndivyo, baba. Na Jumamosi unasema ukiwa kwenye ngazi."

Hapo mimi sisemi neno. Jukwaani tulifundishwa kutodandia kicheko cha watazamaji, kukiacha kiishe chenyewe, na kwenye semina ukimya unaofuata ndio wenye mali. Kijana wa bustani akanyoosha mkono, akasema "Simama!", akaja mbele ya yule mama na kumtazama usoni: "Bosi, naomba nirudie ulichoniagiza, uone kama nimekishika." Tulilirudia igizo zima kwa namna yake. Meneja akaagiza kwamba kuanzia kesho yake kila agizo la kikao cha asubuhi lirudiwe na aliyepewa.

Mipaka ya kicheko nimeichukua kwenye utani, si kwenye vitabu. Wanyamwezi waliofika pwani na misafara ya pembe za ndovu karne ya 19 ni watani wa Wazaramo mpaka leo, na mtani anaweza kukusema hata msibani usinune. Unavumilia kwa sababu na wewe una haki ya kumjibu, tena palepale. Mfanyakazi hana haki hiyo kwa bosi wake. Bosi akimtania mfagiaji mbele za watu, mfagiaji atacheka kwa kulazimika, na huo ni uonevu tu. Ndiyo maana kwenye semina zangu mkubwa ndiye anayeigizwa kwanza, na hatuigizi maumbile ya mtu, kabila lake, ugonjwa wala umaskini wake. Tunaigiza tabia ya kazini, ambayo mtu akitaka anaweza kuibadilisha kesho. Ofisi moja, mkubwa alianza kuiga kigugumizi cha karani wake. Nilisimamisha zoezi papo hapo na hatukuendelea mpaka alipomwomba radhi. Pesa ya siku ile ningekuwa tayari kuikosa.

Baada ya wiki kadhaa huwa narudi. Siulizi kama semina iliwafurahisha. Nauliza: taarifa mbaya ya mwisho ilitoka kwa nani, na ilimfikia mkubwa saa ngapi? Pale hotelini ilikuwa ya pampu ya maji. Mlinzi wa usiku aliisikia inakwaruza, akampigia meneja simu usiku uleule, na asubuhi fundi alikuwa ameshafika kabla wageni hawajaamka.