Namna nilivyoweza kuishi kwa kuandika filamu Kampala

Waandishi chipukizi wanaonijia hupenda kuuliza wazo zuri hupatikana wapi, ilhali kilichonidumisha katika kazi hii mpaka nikaota mvi ni kujua filamu itatazamwa na nani, mahali gani, na kwa fedha za nani.

Shule yangu ilikuwa vibanda vya video, ambako filamu ya kigeni huonyeshwa huku vijei, msimulizi wa kibandani, akiifasiri kwa Kiganda papo hapo, akitania, akiwabandika wahusika majina ya mtaani na kuyafunika kabisa maneno ya mwandishi. Wenzangu wengi walikerwa na jambo hilo. Mimi nilikaa kwenye benchi nikachunguza ni nini kinachosalimika, nikaona kwamba mume anayekula peke yake huku sahani ya mkewe ikiwa imefunikwa mezani anaeleweka hata vijei aseme nini, lakini hotuba ndefu kuhusu ndoa hupotea yote. Tangu hapo, nikimaliza rasimu huandaa nakala isiyo na mazungumzo, nikasoma vitendo peke yake. Kisa kikikatika, narudi kuandika. Waigizaji wetu wa zamani hawakuipenda njia hii, na siwalaumu, kwa kuwa wengi walitoka jukwaani, katika Ukumbi wa Taifa uliofunguliwa mwaka 1959 na katika makundi ya maigizo, ambako neno ndilo hubeba mzigo wote. Hata hivyo, katika nchi ambayo mtu huyohuyo huzungumza Kiganda nyumbani, Kiingereza ofisini na Kiswahili mbele ya askari, kitendo huvuka mahali ambapo sentensi hukwama.

Kuhusu gharama sina mengi. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, na kila mahali papya huongeza usafiri, chakula na jenereta, kwa hiyo kisa kikiweza kukaa katika nyumba moja na ua wake, hukiacha humo.

Fedha ndiyo iliyonitaka ukali. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini hailindi wazo tupu, na hapa mjini visa vingi husimuliwa juu ya kikombe cha chai kabla ya kuandikwa. Ndiyo maana prodyuza akinialika tuzungumze, naenda na mswada uliokwisha kusajiliwa, ingawa sheria hailazimishi usajili. Mkataba wangu hugawa malipo mara tatu: tunapotia saini, ninapokabidhi rasimu ya kwanza, na kabla kamera haijawashwa. Anayeniahidi sehemu ya faida badala ya awamu hiyo ya mwisho namwomba kwa heshima anirudishie mswada wangu, na mara nyingi fedha hupatikana jioni hiyohiyo.