Kinu Kilichoupita Mnara wa Kanisa

Wapendwa katika Kristo, wiki hii natamani tuitazame picha isiyo na malaika wala mtakatifu yeyote. Ni picha ya kinu cha upepo, yaani mashine ya kusagia nafaka inayoendeshwa na upepo, cha mji wa Wijk bij Duurstede huko Uholanzi, iliyochorwa na Mholanzi Jacob van Ruisdael kati ya mwaka 1668 na 1670 hivi, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Tunaona mto Lek, ambao ni tawi la Rhine, mashua ya matanga, nguzo fupi za miti zilizopigiliwa ukingoni ili maji yasimege udongo, na wanawake watatu njiani, wadogo kiasi kwamba mwenye haraka hatawaona.

Ngome na kanisa la mji huo pia vimo pichani. Hata hivyo, mchoraji ametazama kutoka chini, karibu na usawa wa maji, akakiacha kinu cha nafaka kiinuke mbele ya mawingu mazito hadi kuvipita vyote viwili. Je, huku ni kuidharau nyumba ya Mungu? Sidhani, kwani Ruisdael alibatizwa akiwa mtu mzima, mwaka 1657, katika Kanisa la Kireformati, ambalo halikutundika picha ibadani lakini lilifundisha kwamba kazi halali ya kila siku nayo ni wito. Wapo wanaoona msalaba katika mapanga manne ya kinu, yaani mabawa yanayozungushwa na upepo, mimi naona unga, na unanitosha, kwa kuwa Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba, "Utupe leo riziki yetu."

Msagaji wa kinu cha namna hii hutandaza vitambaa vya matanga juu ya mapanga, kisha huzungusha kichwa cha kinu mpaka kiuelekee upepo. Hayo yako mikononi mwake. Upepo wenyewe hauko. Upepo ukitulia, mawe hayasagi hata kama ghala limejaa ngano, na kina mama wa mji watasubiri unga.

Mawe nayo yakikosekana, hakuna unga. Ndiyo maana Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24:6, inakataza kutwaa mawe ya kusagia kuwa rehani, hata lile la juu peke yake, kwa sababu atwaaye jiwe hilo ametwaa uhai wa mtu. Neno hilo linatugusa sisi tunaoishi katika siku za mikopo ya kausha damu, ambapo cherehani ya mjane hubebwa mchana kweupe kwa deni dogo, na mbebaji huenda ni muumini mwenzake wanayeketi naye benchi moja Jumapili. Tunapoomba riziki juma hili, kila mmoja wetu na aangalie kama nyumbani kwake kuna chombo cha kazi cha mtu mwingine kilichoshikiliwa kwa deni, akirudishe kabla ya kuja kwenye ibada.