Kwa hiyo mwili wangu unasema nini?

Swali la wifi, anayetafuta mimba, halijanitoka kichwani tangu Jumanne. Wiki hii mama amehamia kwetu, zamu zimepangwa upya na matokeo ya kijana yametoka, amefaulu, lakini nikiweka kichwa kwenye mto linalorudi ni lile swali.

Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi. "Wifi, maziwa yananiuma mpaka siwezi kulalia tumbo. Gesi imejaa. Jana nimelala mchana, mimi nisiyelala mchana. Ndiyo yenyewe hiyo?" Nikamuuliza kijiti cha kupima upevukaji kilionyesha lini. Alhamisi. Kijiti hutangulia yai kwa saa 24 hadi 36, kwa hiyo yai lilitoka Ijumaa au Jumamosi, na Jumanne ilikuwa siku ya tatu au ya nne tangu litoke. "Hata kama mimba imetunga, wifi, haijajishikiza kizazini bado." Akanyamaza. Kisha akasema: "Kwa hiyo mwili wangu unasema nini?"

Nilimjibu kwamba unasema yai limetoka. Hapo hapo mama akaniita, mazungumzo yakakatika. Naandika hapa ile sehemu iliyobaki, kwa sababu najua si yeye peke yake anayelala na swali hili.

Yai likishatoka, kifuko kilicholilea hakifi. Hujikunja na kuwa tezi ndogo ya manjano juu ya ovari, na kazi yake kubwa ni kumwaga projesteroni. Homoni hii hupanda siku baada ya siku na kufika kileleni takriban siku ya 7 baada ya yai kutoka. Ndiyo inayojaza matiti, inayolegeza misuli ya utumbo hadi choo kinakuwa kigumu na gesi inakaa, na inayoleta usingizi wa mchana. Ute nao hubadilika: ule wa kuteleza na kuvutika unakuwa mzito, mweupe, wa kunata, au unakauka kabisa.

Hayo yote hutokea mwanamke akiwa ameshika mimba au hakushika. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia bure. Yai huishi saa 12 hadi 24 tu. Likirutubishwa, hukaa siku kadhaa likigawanyika ndani ya mrija, kisha huingia kizazini na kujishikiza ukutani kati ya siku ya 6 na ya 12 baada ya yai kutoka. Kabla ya kujishikiza, homoni ya mimba, hCG, haijaingia kwenye damu ya mama kwa kiasi cha kuhisiwa wala kupimwa. Kwa hiyo maziwa yanayouma siku ya nne hayana namna ya kuwa dalili ya mimba. Kichefuchefu ndiyo kabisa: kwa kawaida huanza wiki ya tano au ya sita ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani hedhi ikiwa imeshachelewa.

Na kinyume chake ni kweli pia, jambo ambalo halisemwi vya kutosha. Maziwa kuacha kuuma siku ya 11 hakumaanishi kwamba imeshindikana. Projesteroni haimwagwi kwa mkupuo mmoja ulio sawa. Hutoka kwa mawimbi, na ndani ya saa chache kiwango kinaweza kushuka au kupanda mara kadhaa. Ndiyo maana hata kipimo chake cha damu kisomwe kwa uangalifu. Kikivuka nanogramu 3 kwa mililita, yai lilitoka. Kikiwa chini kidogo mara moja tu, hakijahukumu kitu. Na kisichukuliwe "siku ya 21" ya mzunguko kwa kila mtu. Kinachukuliwa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa: mwenye mzunguko wa siku 35 apimwe siku ya 28.

"Kwa hiyo mwili wangu unasema nini?" Nimelirudia tena leo nikipanga nguo za mama kabatini, na safari hii nikajikuta natabasamu. Mnaomkumbuka wifi wa mwaka jana, yule wa hedhi za kuruka miezi, mtaelewa. Wakati ule hakuwa na maziwa ya kuuma wala usingizi wa mchana, kwa sababu hakukuwa na yai, na pasipo yai hakuna ile tezi. Sasa ana chati ya joto: kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani, saa ile ile, kipimajoto cha desimali mbili, mdomoni. Baada ya kijiti kile cha Alhamisi joto limepanda kwa nyuzi 0.3 na limebaki juu siku tatu mfululizo, juu ya siku sita zilizotangulia. Hilo ndilo lililonifurahisha. Kijiti peke yake huonyesha kwamba ubongo umetoa amri, na kwa wenye ovari za vifuko vingi amri hiyo hutolewa hata mara tatu bila yai kutoka. Joto linapopanda na kubaki juu ndipo unajua ovari imeitikia.

Kuhusu kupima mkojo, namwomba asubiri hadi siku ya 14 baada ya yai kutoka, na nina sababu. Mwaka 1999 mtafiti Allen Wilcox na wenzake walichapisha utafiti wa siku za kujishikiza: mimba nyingi zilizodumu zilijishikiza siku ya 8, 9 au 10, na kadiri mimba ilivyochelewa kujishikiza ndivyo nyingi zaidi zilivyopotea mapema. Ikijishikiza siku ya 10, hCG inaanzia karibu na sifuri na kuongezeka maradufu kila siku mbili hivi, wakati vijiti vingi vya kupima mimba huhitaji uniti 25 kwa lita. Ukipima siku ya 9 unapata "hapana" isiyo na maana, au mstari hafifu wa mimba ambayo ingetoka kama hedhi ya kawaida bila wewe kujua.

Mkojo uwe wa kwanza wa asubuhi. Usome ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye karatasi, mara nyingi 3 hadi 5. Baada ya dakika 10 mkojo uliokauka huacha mstari wa kijivu, na mstari huo umeliza wengi. Aliyechomwa sindano ya hCG ya kupevusha yai anaweza kuiona kwenye kijiti hadi wiki mbili baadaye. Anayeweka vidonge vya projesteroni ukeni atapata dalili zote na hedhi itachelewa, kwa hiyo apime siku aliyoambiwa, wala asiviache kwa kuwa tu "hajisikii mjamzito."

Jambo moja halisubiri siku yoyote: kipimo kimesema ndiyo, kisha maumivu makali ya upande mmoja, au bega linauma bila sababu, au kizunguzungu cha kuanguka. Hiyo inaweza kuwa mimba ya nje ya kizazi. Hospitali, usiku huo huo.

Nitamtumia wifi haya yote kesho, pamoja na kumkumbusha foliki asidi, mikrogramu 400 kila siku, mimba iwepo isiwepo.

Mama naye anaamka mara tatu usiku kwenda msalani. Nashuku ile dawa mpya ya presha, ya kutoa maji mwilini, anaimeza jioni badala ya asubuhi, na sakafu ya korido ile inateleza.