Usaha uoteshwe kwanza, dawa ifuate

Mimi nafanya kazi maabara, upande wa bakteria, na kitu kinachoniuma kuliko vyote ni kuletewa sampuli ya usaha halafu nikisoma fomu nakuta mgonjwa kashameza amoksilini, kachomwa seftriaksoni, kaongezewa metronidazo, kidonda cha oparesheni bado kinatoa usaha, ndo sasa wanaomba tuoteshe. Jamani. Sampuli ilitakiwa ije kabla ya dozi ya kwanza, kwasababu dawa ikishaingia wale wadudu dhaifu wanakufa na wale sugu wanabaki wakijinafasi, au wakati mwingine hakioti kitu kabisa kwenye sahani na huku kidonda kinazidi kuharibika.

Kwa ambao hamjawahi kuona kazi yenyewe, usaha unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, inalala kwenye inkubeta kwenye joto kama la mwili, kesho yake tunaangalia kilichoota ni nani, halafu tunampaka upya kwenye sahani nyingine na kupanga juu yake vikaratasi vidogo vya mviringo vyenye dawa tofauti tofauti. Siku ya tatu tunapima kwa rula. Dawa inayomuweza inaacha duara safi kuzunguka kikaratasi chake, isiyomuweza bakteria wanaota mpaka wanakigusa.

Kuna kikaratasi kimoja huwa nakiangalia kwa wasiwasi, cha sefoksitini. Kama mdudu ni Staphylococcus aureus na duara limekuwa dogo, huyo ni MRSA, yaani aliye sugu kwa methisilini, na karibu ukoo mzima wa penisilini na sefalosporini, seftriaksoni ikiwemo, hauna kazi kwa mgonjwa huyo hata achomwe wiki nzima. Na sio habari ya juzi, methisilini, dawa ya ukoo huohuo wa penisilini, ilianza kutumika 1959, na 1961 Uingereza tayari walikuwa wanaripoti wadudu walioishinda. Miaka miwili tu!

Pseudomonas ndo mdudu wa usaha wa kijani, vidonda vya moto anavipenda sana. Huyu seftriaksoni haimuwezi toka kuumbwa kwake lakini bado nakuta mgonjwa anachomwa hiyo hiyo kila siku. Klebsiella nao baadhi wanatengeneza vimeng'enya vya ESBL vinavyoivunja seftriaksoni kabla haijafanya lolote, tena maelekezo ya kuvitengeneza yanakaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria anamgawia mwenzake hata kama ni wa aina nyingine, na mdudu mwenyewe anahama kitanda kwa kitanda kwa mikono yetu sisi watumishi na nyie ndugu mnaokuja kuona mgonjwa. Hapo ndo inaitwa dawa nyingine, meropenemu, na kwa bei yake familia zinaanza kuchangishana.

Matangazo ya UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, yanasema sana kuhusu watu kununua dawa kiholela dukani, ni kweli kabisa, ila wodini nako tuangalie. Dawa ya kukinga kidonda cha oparesheni inatakiwa iingie kabla mtu hajachanwa, na WHO tangu 2016 wanashauri kinga hiyo isiendelezwe baada ya oparesheni kuisha, sasa zile siku tano za sindano kwa mtu ambaye kidonda chake ni kikavu na kizuri zinamsaidia nani? Kidonda kisicho na dalili za maambukizi kinahitaji usafi tu, hakihitaji antibaiotiki, wala usituletee sampuli yake.

Mgonjwa akiwa na hali mbaya daktari aanze dawa, hawezi kusubiri siku tatu, ila sampuli itangulie hata kwa dakika chache na majibu yakitoka dawa ibadilishwe kuyafuata. Ndugu mnayo haki ya kuuliza, "dokta, usaha umeshapelekwa kuoteshwa?" Na nyie manesi, kidonda kioshwe kwanza kwa saline, yale maji ya chumvi ya hospitali, halafu mchukue kutoka ndani ya kidonda, ule usaha uliokauka juu unatuoteshea wadudu wa ngozi tu na daktari anaishia kumtibu mdudu asiyehusika.